Singo mama anarudi chuo muda wote: hela itoke wapi, na ipi itaikata nyingine

Swali nimelifupisha maana lilikuwa refu kama barua ya posa. Dada anauliza hivi: "Shikamoo dada. Nina miaka 31, watoto wawili, wa miaka 4 na 9, nawalea mwenyewe. Chuo niliacha nikiwa mwaka wa pili, nilipata mimba ya huyu mkubwa. Sasa nimepata nafasi tena, kozi ni ya kutwa nzima, miaka mitatu. Nina kazi, mshahara upo ila wa kusogeza siku tu. Baba yao anatuma hela akijisikia. Naomba kujua kuna msaada gani wa fedha kwa singo mama anayerudi kusoma muda wote, na je niache kazi au nisiache?"

Marahaba mdogo wangu. Hujasema uko nchi gani, na wenzako wanaoniuliza swali hili hili wametawanyika kila kona, kwa hiyo nitakujibu kwa jinsi mambo yanavyokwenda karibu kila mahali, alafu nitataja nchi pale tu ambapo mfano wake unaonyesha kitu.

Nimekaa ofisi ya fedha za wanafunzi miaka mingi, ule upande wa ndani wa dirisha, na nikwambie ukweli, wazazi niliowaona wakiacha chuo wachache sana waliacha kwa sababu ya ada. Ada kila mtu anaiwaza kwa hiyo inatafutiwa njia mapema. Wanaacha kwa sababu ya mwezi mmoja tu. Kuna mwezi katikati ya semesta hela ya huku imekatwa kwa sababu hela ya kule imeingia, au imeidhinishwa lakini haijafika, na kituo kinacholea mtoto kinataka chake, mwenye nyumba anapiga simu, basi mtu anauacha mtihani anaenda kutafuta kibarua, na akishaenda harudi. Kwa hiyo swali la "kuna msaada gani" ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni huo msaada ukiingia unaifanya nini ile hela nyingine uliyokuwa nayo, na unaingia tarehe ngapi.

Kabla sijafika huko kuna jambo umelitaja kwa kupita tu na mimi ndio limenishtua. Umesema uliacha mwaka wa pili. Hiyo miaka miwili unaiona imekufa, umeizika, lakini kwenye mafaili bado iko hai na inahesabiwa. Chukua England: mkopo wa ada wa shahada ya kwanza wanauhesabu kwa kuchukua miaka ya kozi yako mpya, wanajumlisha mmoja, wanatoa miaka uliyowahi kusoma zamani, na mwaka ulioanza hata ukaishia njiani unahesabika mwaka mzima. Kwako wewe ni 3 jumlisha 1, toa 2, unabaki na miaka miwili ya mkopo wa ada kwenye kozi ya miaka mitatu. Mwaka mmoja umening'inia hewani. Na mwaka unaokosa huwa ni wa mwanzo sio wa mwisho, kwa hiyo mtu anafika siku ya kusajiliwa na furaha zake anakuta pengo liko mlangoni. Habari njema ni kwamba sheria yao hiyo hiyo ina nafasi ya sababu nzito za kibinafsi, kama uliacha kwa ugonjwa au ujauzito uliokusumbua unaweza kuongezewa mwaka, lakini lazima uwe na karatasi: barua ya kliniki, barua ya chuo cha zamani, kitu chenye tarehe. Karatasi ya miaka kumi iliyopita haipatikani kwa wiki moja, ianze kuitafuta leo.

Marekani nao wana hesabu yao. Pell Grant, ambayo ndio ruzuku kubwa ya serikali kuu na hairudishwi, mtu anaipata kwa muda usiozidi semesta 12 za muda wote maisha yake yote, na ulizotumia zamani zimeshatoka. Alafu kama ulikuwa na mkopo wa serikali ukaacha kulipa mpaka ukahesabiwa mkaidi, hupati msaada mpya mpaka uusawazishe. Hili la deni la zamani naliona sehemu nyingi na watu wanalikimbia kwa aibu, wanajaza fomu wakiomba Mungu jina lisionekane kwenye kompyuta. Litaonekana. Bora upige simu mwenyewe kabla, mara nyingi kuna mpango wa kulipa kidogo kidogo na ukishaanza kuufuata mlango unafunguka.

Sasa kuna upande ambao kuwa na watoto kunakusaidia. Fomu nyingi za msaada zinataka kujua wewe ni mtoto wa mtu au ni mtu mwenye nyumba yake. Marekani kwenye fomu ya FAFSA ukiwa na mtoto unayemtunza kwa zaidi ya nusu ya mahitaji yake unahesabika unajitegemea, kipato cha wazazi wako hakiulizwi kabisa, hata kama una miaka 19. Na sheria mpya iliyoanza mwaka wa masomo 2024–25 imempa mzazi anayelea peke yake unafuu wa wazi: anapata Pell kamili kama kipato hakizidi asilimia 225 ya kile kiwango cha umaskini cha serikali, wakati wengine wanakatiwa kwenye asilimia 175. Mwaka huo Pell kamili ilikuwa dola 7,395. Wapo singo mama wamefanya kazi, wakajiona kipato chao kiko juu, fomu hawakujaza kabisa, kumbe walikuwa ndani. Jaza. Kujaza FAFSA ni bure, anayekutoza hela akujazie huyo ana lake.

Kwingine mambo yako kinyume, fomu imeshonwa kwa ajili ya kijana aliyetoka sekondari jana na wewe mama wa wawili inakubana mabegani. Bodi ya Mikopo ya Tanzania, HESLB, imekuwa ikiweka kwenye vigezo vyake umri usiozidi miaka 35, kwa hiyo wewe wa 31 uko ndani ila usiahirishe ahirishe. Ujerumani ile BAföG, msaada wa serikali kwa wanafunzi, nayo ina ukomo wa umri, ulipandishwa 2022 mpaka kuanza masomo kabla ya kutimiza 45, na hata aliyepita huko anaweza kusamehewa kama alichelewa kwa sababu ya kulea. Nayataja haya kwa sababu umri watu hawaulizi, wanajaza kurasa zote alafu wanakatwa kwa kigezo kilichokuwa ukurasa wa kwanza.

Haya, tuje kwenye hela kukata hela.

Msaada wa mzazi anayesoma unatoka kwenye mifuko miwili ambayo haipendani. Mfuko mmoja ni wa elimu: mikopo, ruzuku, ufadhili. Mfuko wa pili ni wa ustawi wa jamii: posho ya kipato kidogo, posho ya nyumba, posho ya watoto. Ofisi tofauti, fomu tofauti, na kila moja inataka kujua mwenzake kakupa ngapi ili yeye apunguze. England mwanafunzi wa muda wote kwa kawaida haruhusiwi kuchukua Universal Credit, ile posho ya kipato kidogo, lakini mwenye mtoto anaruhusiwa, hapo ndipo singo mama anapopata upenyo. Lakini wanachofanya wanauchukua ule mkopo wa kujikimu wanauhesabu kama kipato chako, wanasamehe pauni 110 kwa mwezi, kinachobaki kinakatwa kwenye posho. Mkopo! Hela ambayo utairudisha inahesabiwa umelipwa. Na kibaya zaidi hata kama hukuuchukua, kama ulikuwa na haki ya kuuomba wanakuhesabia unao. Najua wapo wanaokataa mkopo kwa sababu ya riba, ni imani yao na siingilii, ila ajue mapema kwamba atakatwa posho kwa hela ambayo hakuigusa, asije akapigwa na hiyo barua Januari akiwa hana kitu. Miezi ya likizo ndefu mkopo hauhesabiwi, kwa hiyo posho inapanda tena, na mtu asiyejua anadhani wamekosea anaogopa kuitumia.

Kuna pia hela ambazo zinakataana kabisa, ukichukua hii ile huwezi. Hapo hapo England kuna ruzuku ya malezi ya watoto kwa wanafunzi wa muda wote wa shahada ya kwanza, inalipa mpaka asilimia 85 ya gharama ya mlezi au kituo kilichosajiliwa, sio mkopo, ni nzuri sana kwa mtu kama wewe. Lakini huwezi kuichukua pamoja na ile sehemu ya malezi ndani ya Universal Credit, wala na ule mpango wao wa malezi yasiyotozwa kodi. Lazima uchague. Na hapa ndipo swali lako la kazi linapoingia maana ile sehemu ya malezi ya Universal Credit inataka uwe unafanya kazi, ukiacha kazi chaguo hilo limekwenda lenyewe. Kwa hiyo mtu haulizi tu "niache kazi?", anauliza "nikiacha kazi nani atalipa kituo cha mdogo?"

Cha kushangaza mara nyingine kusoma muda wote ndio kunakufungulia. Marekani mwanafunzi wa chuo kwa kawaida hapati SNAP, msaada wa chakula, mpaka awe na sababu inayokubalika, na sababu mojawapo ni kuwa mzazi anayelea peke yake, unasoma muda wote, na mtoto ana chini ya miaka 12. Ukipunguza masomo ili uongeze saa za kazi sababu hiyo inapotea na itabidi utafute nyingine. Wanao wawili wote wako chini ya 12. Hilo ni jambo la kuandika kwenye karatasi na kubandika ukutani kwa sababu afisa mwenyewe unayemkuta dirishani anaweza asiwe analijua, mimi nimeshawasomea kifungu watu waliokuwa wanalipwa kukijua.

Malezi ya watoto niyaseme zaidi kidogo maana bajeti za watu hapo ndipo zinapodanganya. Ruzuku ikisema asilimia 85, ile 15 ni yako kila wiki, na kituo kinadai hata siku mtoto anaumwa, na kozi zenye mazoezi ya vitendo, uuguzi, ualimu, ustawi wa jamii, zinakupeleka alfajiri au usiku wakati kituo kimefungwa. Jirani anayekulelea kwa moyo mwema au mama yako mzazi mara nyingi hawalipiki na ruzuku kwa sababu hawajasajiliwa. Alafu makadirio unayojaza mwanzoni yanakuja kulinganishwa na risiti, uliyozidisha utarudisha. Ujerumani wameirahisisha, BAföG inaongeza euro 160 kwa mwezi kwa kila mtoto wa chini ya miaka 14, hawaulizi risiti, na hiyo nyongeza hairudishwi tofauti na BAföG yenyewe ambayo kwa kawaida nusu ni mkopo usio na riba. Sio nyingi ukilinganisha na gharama lakini haina usumbufu, na mzazi aliyechoka usumbufu nao ni gharama. Marekani hakuna kiwango kimoja, ila chuo kinaruhusiwa kuingiza gharama za malezi kwenye ile hesabu yao ya gharama za mwaka, hesabu ikipanda nafasi ya kupewa zaidi nayo inapanda. Vyuo vingi hawaiingizi mpaka uombe. Omba kwa maandishi, ambatanisha barua ya kituo.

Na huyo wa miaka 9, watu wanamsahau kwa kuwa yuko shule. Shule inafungwa mapema kuliko mhadhara wa mwisho, na ina likizo zisizofanana na zako.

Baba yao. Kwenye bajeti yako muandikie sifuri. Akituma ni zawadi, hukupanga nayo. Lakini kwenye fomu ukiulizwa kilichoingia sema kilichoingia kweli, usiseme sifuri kwa hasira. Namna kinavyohesabiwa inatofautiana: Universal Credit hawakikati kabisa, matunzo ya mtoto ni ya mtoto, FAFSA ya sasa inakiweka upande wa mali badala ya kipato, sehemu nyingine kinakatwa chote. Kwa hiyo kabla hujaenda kumfungulia madai rasmi uliza kwanza kwenye nchi yako matunzo yanahesabiwaje, kuna mahali utahangaika mwaka mzima mahakamani alafu posho inapungua kwa kiasi hicho hicho, na kuna mahali kila senti inabaki kwako na ulichelewa bure.

Alafu hii nisiipake sukari. "Kulea peke yako" kwenye fomu ni jambo la kisheria, sio la moyoni. Kama kuna mtu anaishi hapo, au anakuja siku nne kwa wiki na viatu vyake viko mlangoni, ofisi inaweza kusema mnaishi pamoja na kipato chake kihesabiwe, na wakigundua baadaye wanadai hela ya nyuma yote. Sikuulizi mambo yako. Nakwambia tu hali ikibadilika toa taarifa wiki ile ile, deni la kulipwa kupita kiasi ndilo linalowakuta watu mwaka wa mwisho.

Sasa tarehe. Chukua karatasi, chora miezi 12, kila mwezi andika kinachoingia na kinachotoka, na usiandike jumla ya mwaka maana jumla inakudanganya. Mkopo wa kujikimu England unalipwa mafungu matatu, mwanzo wa kila muhula, kwa hiyo fungu la tatu linaingia baada ya likizo ya masika na ndilo linakupeleka mpaka Septemba, miezi mitano hivi kwa fungu moja. Fungu la kwanza nalo haliingii mpaka chuo kithibitishe umesajiliwa, wakati kituo cha mtoto kimeshataka malipo ya kutangulia. Huo mwezi wa kwanza ndio mwezi mbaya kuliko yote na hakuna msaada wowote niliouona popote unaoufunika vizuri. Ukiweza kitu kimoja tu mwaka huu kabla hujaanza, weka akiba ya mwezi mmoja na nusu wa kodi ya nyumba na malezi, usiiweke kwenye ada. Ada ina watu wa kuibeba, huo mwezi hauna.

Vyuo vingi vina mfuko wa dharura na karibu hakuna anayeusoma. Sio mkubwa, unaisha mapema, na mzazi anayelea peke yake mara nyingi yuko mbele ya foleni. Muombaji wa wiki ya pili anapata, wa mwezi wa tano anaambiwa pole. Na tafadhali usiende kwenye hizi programu za mikopo ya kwenye simu kwa kuwa zinatoa haraka, riba yake inakula fungu lako lijalo kabla halijafika.

Kuhusu kazi. Usiandike barua ya kuacha kwa sababu umepata barua ya kupokelewa, hiyo ni barua ya masomo, haina hela ndani. Subiri uwe na barua ya kiasi ulichoidhinishiwa, pamoja na maandishi kutoka ofisi ya ustawi kwamba posho yako itakuwa kiasi gani ukiwa mwanafunzi. Zikija zote mbili zikaingia kwenye zile tarehe zako bila mwezi uliotoboka, hapo ongea na mwajiri, na usianze na kuacha, anza na likizo bila malipo au saa chache, wengi wanakubali kuliko unavyodhani. Kama mwezi umetoboka na huna cha kuuziba omba chuo wakushikie nafasi mwaka mmoja. Wengi wanashika. Najua unaona umri unakimbia, lakini kwa hesabu ile ya miaka iliyotumika, kuingia ukaacha tena kunakugharimu mwaka mwingine wa msaada, kuahirisha mwaka mmoja hakukuli mwaka wa msaada, mradi tu ukomo wa umri haukupiti.

Kuna mtego mmoja wa kipato: fomu zinatazama nyuma. FAFSA ya mwaka 2026–27 inatazama kodi ya 2024, yaani mshahara wako wa wakati ule ukiwa kazini mchana kutwa, wakati wewe utakuwa huna kazi. Ukiacha hivyo hivyo utapimwa kama mtu anayelipwa. Lakini ofisi ya fedha ya chuo ina mamlaka ya kurekebisha kwa mtu ambaye kipato kimeshuka, unaandika barua, unaweka ushahidi, wanapiga hesabu upya. Nchi nyingine nyingi zina mlango kama huo kwa jina jingine. Uliza tu hivi: "kipato changu kimebadilika, naomba kupimwa upya."

Na ukiwa ndani ukaona unazama, usipotee kimya kimya. Marekani ukiondoka kabla ya asilimia 60 ya semesta kupita sehemu ya msaada inarudishwa serikalini, na chuo kinaweza kukudai wewe. Siku chache tu zinaweza kubadilisha deni lako. Kuna mama alikuja kwangu ameshaondoka siku sita, sita tu, angekuja kabla tungempangia kusimama kwa utaratibu, mtoto alikuwa amelazwa na karatasi za hospitali alikuwa nazo kwenye mkoba.

Niandikie uko nchi gani, ile miaka miwili ya zamani ililipiwa na nani, na huyu mdogo anaanza shule mwezi gani. Hilo la mwisho usilione dogo, akianza shule katikati ya mwaka wako wa kwanza hesabu yote ya malezi niliyokuandikia hapa inabadilika.